Kabla eksirei haijapigwa: mionzi na mtoto aliye tumboni

Mwaka 1955 Alice Stewart, daktari wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikuwa akizipitia takwimu za vifo vya watoto wa Uingereza. Saratani ya damu ilikuwa ikiua watoto kwa idadi iliyozidi kupanda, na wengi wa marehemu walikuwa na umri wa kati ya miaka miwili na minne. Mtoto wa umri huo hajavuta sigara wala hajafanya kazi kiwandani. Stewart, ambaye naye alikuwa mama wa watoto wawili, akahisi kwamba kilichowapata kiliwaanza mapema zaidi, pengine hata kabla hawajazaliwa. Akaamua kuwauliza watu ambao madaktari hawakuwa wamefikiria kuwauliza. Akawauliza mama zao.

Fedha alizopata ni pauni 1,000, kutoka mfuko wa Lady Tata. Kwa utafiti wa nchi nzima zilikuwa kidogo mno. Akatengeneza fomu ya maswali na kuziomba idara za afya za England na Wales ziwatumie maofisa wao kuwahoji mama waliofiwa na watoto wa chini ya miaka kumi kwa saratani kati ya 1953 na 1955. Kila mama aliyefiwa alilinganishwa na mama mwingine wa eneo lilelile ambaye mtoto wake wa umri uleule alikuwa mzima. Fomu iliuliza mambo ya kila namna: mama aliugua nini akiwa mjamzito, alichanjwa, nyumbani kulikuwa na paka, mbwa au kuku, mtoto alikuwa akila samaki wa kukaanga wa dukani, akinywa vinywaji vya rangi, akipenda peremende? Katikati ya hayo yote lilikuwamo swali kuhusu eksirei.

Hilo ndilo lililotoa jibu. Paka na peremende havikuonyesha tofauti yoyote, lakini miongoni mwa mama waliofiwa, waliopigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito walikuwa karibu mara mbili ya wale wa upande wa pili. Taarifa ya kwanza ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1956, na ripoti kamili kwenye British Medical Journal Juni 1958.

Kuona uzito wa habari hiyo ni lazima mtu akumbuke eksirei ilivyotumika siku zile. Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua miale hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, madaktari walikuwa wameipokea kwa mikono miwili. Wale wa uzazi waliitumia kutazama mtoto amelala vipi, kama ni mapacha, na kama nyonga ya mama inatosha kupitisha kichwa. Dalili za hatari hazikukosekana. Mwaka 1929, mjini Philadelphia, Leopold Goldstein na Douglas Murphy walionyesha kwamba miongoni mwa wanawake waliotibiwa nyonga kwa radiamu au kwa eksirei kali wakiwa na mimba, wapo waliozaa watoto wenye vichwa vidogo na akili iliyodumaa. Lakini yale yalikuwa matibabu ya dozi kubwa. Stewart alikuwa akizungumzia picha ya kawaida, ile iliyopigwa mama akaruhusiwa kwenda zake nyumbani siku hiyohiyo.

Wenzake hawakumwamini. Hoja yao kubwa ilikuwa ya haki: mama aliyezika mtoto huchimbua kila alichokifanya wakati wa ujauzito, ilhali mama ambaye mwanawe yu mzima husahau. Huenda basi fomu zilikuwa zikipima kumbukumbu tu. Richard Doll, mtafiti aliyekwisha kujijengea jina kwa kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, alishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 1960, nao haukuona ongezeko lolote la saratani ya damu.

Brian MacMahon wa Chuo Kikuu cha Harvard akaikata hoja ya kumbukumbu kwa njia rahisi. Hakumuuliza mama yeyote. Alichukua kumbukumbu za maandishi za hospitali 37 za kaskazini mashariki mwa Marekani, zilikozaliwa zaidi ya watoto 730,000 kati ya 1947 na 1954. Kwenye majalada hayo, kama mama mmoja katika kila kumi alikuwa amepigwa eksirei akiwa mjamzito. Mwaka 1962 alitangaza kwamba vifo vya saratani kwa watoto wa mama hao vilizidi vya wengine kwa asilimia 40 hivi. Ongezeko lilikuwa dogo kuliko la Stewart, lakini lilielekea upande uleule, na safari hii hakuna aliyeweza kumsingizia mama mwenye msiba kwamba anakumbuka kupita kiasi.

Hata hivyo mabishano yaliendelea kwa miongo. Mwaka 1997 Doll mwenyewe, akiandika pamoja na Richard Wakeford, alifikia uamuzi kwamba ndiyo, dozi ya miligrei 10 tu kwa mtoto aliye tumboni huongeza uwezekano wake wa kupata saratani utotoni. Stewart alikuwa hai kuusoma uamuzi huo, akiwa na miaka tisini na ushei. Alifariki mwaka 2002.

Miligrei ni kipimo cha nguvu ya mionzi inayobaki mwilini, na kitarudi tena katika makala haya, maana bila kukijua mjadala wote huu unageuka kuwa uvumi. Kwa hesabu ya Doll na Wakeford, miligrei 10 huongeza hatari hiyo kwa kiasi cha mtoto mmoja katika kila 1,700. Bila mionzi yoyote ya hospitali, kwa viwango vya Uingereza, mtoto mmoja katika kila 500 hivi hupata saratani kabla ya kufikisha miaka 15. Nyongeza hiyo si kubwa. Lakini ukiizidisha kwa mamilioni ya mimba, unapata watoto halisi waliokufa kwa picha ambazo nyingi hazikuwa na ulazima.

Kwa bahati njema, Juni hiyohiyo ya 1958 ripoti ya Stewart ilipotoka, jarida la Lancet lilichapisha makala ya Ian Donald, daktari wa uzazi wa Glasgow, kuhusu kutazama ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Huo ndio mwanzo wa ultrasaundi katika uzazi. Leo mama anayelala kitandani kliniki, tumbo likapakwa jeli ya baridi, hapati mionzi hata chembe. Wanaoikimbia ultrasaundi kwa kuogopa mionzi, na wapo wengi tu, wanakimbia kipimo kilichokuja kuwaondoa wajawazito kwenye eksirei.

Somo la pili ni zito zaidi. Linatoka Hiroshima na Nagasaki.

Agosti 6 na Agosti 9, 1945, mabomu mawili ya atomiki yaliiangukia miji hiyo ya Japani. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna uzi unaofika mpaka nyumbani: sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji, eneo ambalo Kiswahili kilikuwa lugha ya migodi. Miongoni mwa walionusurika walikuwamo wanawake wajawazito. Watoto wao walizaliwa miezi michache baadaye, na polepole wazazi wakaanza kuona kwamba baadhi yao hawakui kama wenzao. Vichwa vilikuwa vidogo. Walichelewa kutembea, walichelewa kusema, na wengine hawakuweza kujihudumia maisha yao yote.

Familia hizo zilikaa kimya kwa muda mrefu, kila moja ikidhani mkosi ni wake peke yake. Mwaka 1965, miaka ishirini baada ya bomu, wazazi wa Hiroshima walikutana na kuunda chama kiitwacho Kinoko-kai, waombe serikali iwatambue watoto wao kuwa wahanga. Kwa wakati huo watoto walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa, na wazazi walikuwa wameanza kuzeeka. Ni vigumu kupata sura nyingine ya vita inayoeleza kwa uwazi namna hiyo kwamba aliyeumia anaweza kuwa hata hakuwa amezaliwa.

Watafiti wa Japani na Marekani waliwafuatilia watoto takriban 1,600 waliokuwa tumboni siku ile. Thelathini kati yao walikutwa na ulemavu mkubwa wa akili. Wawili kati ya watafiti hao, Masanori Otake na William Schull, walipopanga visa kwa umri wa mimba, waliona jambo la kushangaza: wengi wao walikuwa na umri wa kati ya wiki ya 8 na ya 15 tangu mimba kutungwa. Kabla ya wiki ya 8 hawakukuta ongezeko. Kati ya wiki ya 16 na ya 25 hatari ilikuwapo lakini ndogo zaidi, na baada ya hapo haikuonekana.

Sababu inafahamika. Katika wiki zile seli za neva huzaliwa kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine wa maisha, kisha husafiri kutoka katikati ya ubongo kwenda kujipanga juu, kwenye tabaka la nje linalobeba fikra na lugha. Mionzi mikali ikipita wakati huo huua seli nyingi na kuzipoteza nyingine njiani, na zilizokufa hazirudishwi. Wiki mbili za mwanzo tangu mimba kutungwa huwa na sheria yake: dozi kubwa ama huitoa mimba bila mama kujua kama ilikuwapo, ama mimba huendelea salama. Wiki za tatu hadi nane ndizo za kujengwa moyo, mikono, macho. Hapo dozi kubwa inaweza kuleta kasoro za viungo.

Neno la kushikwa hapa ni “kubwa”. Madhara hayo ya viungo na ubongo hayajaonekana kwa dozi iliyo chini ya miligrei 100. Hatari ya saratani ndiyo pekee inayohesabiwa hata kwa dozi ndogo, kwa kuwa wataalamu huchukulia kwamba kila kiasi kina nyongeza yake, hata ikiwa nyembamba sana.

Kliniki zetu huhesabu ujauzito tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hesabu hiyo, kipindi kile cha hatari kwa ubongo huwa kati ya wiki ya 10 na ya 17. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki huanza kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Maana yake ni kwamba kipindi cha kujengwa viungo huwa kimeshaisha na cha ubongo kimeshaanza kabla hata kadi ya kliniki haijaandikwa. Wakati huo mama anaweza kuwa ameshaanguka na bodaboda, ameshapelekwa hospitali, na ameshapigwa picha za nyonga na kiuno bila mtu kumuuliza chochote.

Hapo ndipo penye kazi. Kumuuliza mwanamke kama anaweza kuwa na mimba, na hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, ni sehemu ya utaratibu wa kila chumba cha eksirei kinachofuata kanuni. Mara nyingi swali hilo limeachiwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, inayomtaka mjamzito ajitaje mwenyewe. Karatasi haimsaidii asiyejua kusoma, na haimsaidii asiyejua kuwa ana mimba. Tena swali lenyewe, hata likiulizwa kwa mdomo, huulizwa mbele ya nani? Binti wa sekondari aliyeletwa na baba yake atajibu “sina” kabla swali halijaisha. Mke aliyesindikizwa na mama mkwe atatazama chini. Mtaalamu anayetaka jibu la kweli humwomba msindikizaji asubiri nje, hufunga mlango, na huuliza kwa upole. Shaka ikibaki, kipimo cha mkojo kinachouzwa kila duka la dawa huimaliza kwa dakika chache.

Sheria ipo. Tanzania ilianza na sheria ya kujikinga na mionzi ya mwaka 1983, na Sheria ya Nguvu za Atomiki namba 7 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoiunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye jukumu la kukagua mashine na vyumba vya mionzi na kutoa leseni. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu 1982 na mwaka 2019 ikaunda mamlaka mpya ya nyuklia. Lakini mkaguzi hawezi kusimama mlangoni kila siku. Swali huulizwa na mtu aliye zamu.

Ingia sasa chumba cha eksirei chenyewe. Mlangoni kuna alama ya njano yenye mapanga matatu meusi, na juu yake taa nyekundu inayowaka mashine ikiwa kazini. Mgonjwa wa kifua husimama akiwa amebanwa kwenye bamba, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega mbele. Mgongoni mwake kunaonekana mraba wa mwanga wenye msalaba katikati. Huo ndio mpaka wa mionzi. Mtaalamu huzungusha vitufe hadi mraba ulingane na mapafu tu, kisha hurudi nyuma ya ukuta uliotiwa madini ya risasi. “Vuta pumzi. Bana. Haya, pumua.” Mionzi hutoka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mtoto aliye tumboni, akiwa nje ya mraba ule, hupata chini ya miligrei 0.01. Kiasi hicho hakifiki sehemu moja ya elfu kumi ya zile miligrei 100.

Kwa hiyo mjamzito anayekohoa wiki tatu, anayetokwa jasho usiku na kukonda, hana sababu ya kuikataa eksirei ya kifua. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kifua kikuu kisichotibiwa humletea mama uzazi wa kabla ya wakati na mtoto mwenye uzito mdogo, na kinaweza kumwambukiza mtoto mwenyewe. Kati ya ugonjwa huo na picha ile, hakuna ulinganisho. Ndivyo ilivyo pia kwa eksirei ya meno, ya mkono, ya goti: mtoto hupata kiasi kisichofikia hata kile anachopata kutoka kwenye ardhi, angani na mwilini mwa mama yake katika miezi tisa, ambacho hukaribia miligrei moja.

Mambo hubadilika mraba ule unaposhuka tumboni. Eksirei ya tumbo humpa mtoto miligrei moja hadi tatu, na ya kiuno inaweza kufika kumi. CT-Scan ya nyonga huanzia miligrei 10 na inaweza kufika 50. Zamani mgonjwa alilazimika kuzifuata mashine hizo hadi mji mkuu. Miaka ya karibuni zimefungwa katika hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa maana zimeokoa maisha. Lakini CT-Scan ya tumbo na nyonga ikirudiwa mara mbili au tatu kwa mama mmoja, hesabu huanza kukaribia 100. Daktari anayeijaza fomu ya kipimo hicho kwa mjamzito anapaswa kwanza kujiuliza kama ultrasaundi au MRI, ambazo hazina mionzi ya aina hii, haziwezi kumpa jibu. Zikishindwa, na maisha ya mama yakiwa hatarini, kipimo kifanyike. Mama akifa, mtoto wa wiki kumi na mbili hufa naye.

Tiba ni habari nyingine kabisa. Mgonjwa wa tezi ya shingo anayenyweshwa iodini 131 huwa anatiwa mionzi ndani ya mwili. Iodini hiyo hupita kwenye kondo la nyuma, na tezi ya mtoto huanza kuifyonza tangu wiki ya kumi hivi; dozi ya kumtibu mama inaweza kuiteketeza tezi ya mtoto kabisa. Ndiyo maana mwanamke hupimwa mimba kabla ya kupewa dawa hiyo, na baadaye hushauriwa asubiri miezi sita kabla ya kubeba mimba. Anayenyonyesha humwachisha mtoto kwanza. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huleta uamuzi mgumu kuliko yote: tiba ya mionzi ya nyonga haiwezi kutolewa mimba ikabaki. Mama, familia na madaktari wa Ocean Road au Bugando hulazimika kukaa pamoja, kutazama umri wa mimba na hatua ya ugonjwa, na kuamua. Hakuna jibu linalomfaa kila mtu.

Yapo makundi mawili yanayosahaulika. La kwanza ni la wafanyakazi wenyewe, wanawake wanaopiga picha au kusaidia upasuaji unaofanywa chini ya eksirei. Kanuni ya kimataifa ni kwamba tangu mfanyakazi atoe taarifa ya ujauzito, mtoto wake asipate zaidi ya milisiverti 1, ambayo kwa eksirei ni sawa na miligrei 1, kwa kipindi chote kilichobaki. Beji ya kupima mionzi anayoivaa kifuani inapaswa kusomwa kwa wakati, na mkuu wa idara ampangie kazi bila kumtisha na bila kumpunguzia haki. Mwenye hofu ya kupoteza kazi huficha mimba, na mimba iliyofichwa hailindwi na mtu.

Kundi la pili ni la wanaoshika watoto. Mtoto wa mwaka mmoja hatulii mbele ya bamba la eksirei, na wa kwanza kuitwa amshike ni mama yake, ambaye mara nyingi ana mimba nyingine tayari. Aitwe baba. Aitwe shangazi asiye mjamzito. Hili halihitaji fedha wala mtambo mpya.

Na aproni nzito ya risasi? Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri kwamba isifungwe tena tumboni mwa mgonjwa kama desturi. Mashine za sasa hutumia dozi ndogo sana kuliko za enzi ya Stewart, na kiasi kinachomfikia mtoto wakati wa picha ya kifua hutawanyika kutokea ndani ya mwili wa mama mwenyewe, ambako aproni ya nje haiwezi kukizuia. Ikiteleza na kuingia kwenye mraba, inaweza hata kuifanya mashine iongeze dozi. Hospitali nyingi bado huitumia kumtuliza mgonjwa, na hakuna kosa ikikaa mahali pake. Lakini mama asidhani amelindwa kwa aproni pale ambapo hakuulizwa swali.

Hofu nayo ina wahanga wake. Aprili 26, 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka, na upepo ukasambaza mionzi sehemu kubwa ya Ulaya. Ugiriki ilipata kiasi kidogo. Kwa wastani watu wake walikadiriwa kupata milisiverti 1 hivi, sawa na kile ambacho binadamu wa kawaida hupata kwa asili katika miezi mitano. Lakini magazeti yalijaa vitisho, na baadhi ya madaktari wa uzazi, kwa kutojua, wakawashauri wajawazito wazitoe mimba. Dimitrios Trichopoulos na wenzake walipohesabu vizazi vya Januari 1987, vilikuwa vimepungua kwa asilimia 23 kuliko ilivyotarajiwa. Walikadiria kwamba mimba 2,500 hivi zilitolewa, mimba ambazo wenyewe walizitaka. Hakuna hata mmoja wa watoto hao aliyekuwa katika hatari ya maana kutokana na mionzi ile.

Wengine huku kwetu humaliza jambo kwa namna hiyohiyo, kwa sauti ya chini. Mwanamke anagundua ana mimba ya wiki sita, anakumbuka eksirei ya mgongo ya mwezi uliopita, anasikia kwa jirani kwamba mtoto atazaliwa kiwete. Katika kila mimba 100, hata zisizopitiwa na mionzi yoyote, watoto kama watatu huzaliwa na kasoro kubwa. Picha moja ya mgongo haiibadilishi hesabu hiyo.

Aliye katika hali hiyo arudi hospitali alikopigiwa picha, na awaombe wamwandikie: kipimo gani, sehemu gani ya mwili, picha ngapi, tarehe gani. Kwa taarifa hizo, na tarehe ya hedhi yake, mwanafizikia wa tiba anaweza kukokotoa dozi iliyomfikia mtoto. Hospitali isiyo na mtaalamu huyo iombe msaada kwenye hospitali kubwa au kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Ni haki yake kuambiwa namba hiyo kwa lugha anayoielewa. Mpaka ajue, asinywe dawa yoyote ya kienyeji wala ya dukani, na asikubali ushauri wa mtu ambaye hajaiona namba. Tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, ilikwisha kutoa msimamo mwaka 2000 kwamba dozi iliyo chini ya miligrei 100 si sababu ya kutoa mimba, na karibu kila eksirei inayopigwa katika hospitali zetu huangukia chini sana ya kiwango hicho.